UZI: Mnyama aliyejeruhiwa katika gemu za uwindaji anapaswa kutembea vipi, na apone vipi?

DaktariWaMikokoteni (mwanzilishi wa uzi), Kisauni

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Vijana wetu wanaocheza gemu za kuwinda na kujinusuru porini wana lalamiko moja lisilokwisha: "Nimempiga mnyama, damu nimeiona kwa macho yangu, kisha akakimbia kama hana kitu." Wengine hulalamika kinyume chake, kwamba mnyama waliyempiga mguuni alianguka na kufa upesi kana kwamba risasi ilipita moyoni. Kwa maoni yangu malalamiko haya mawili yana chanzo kimoja. Gemu nyingi humpa mnyama namba moja tu ya uhai, ambayo hupungua anapopigwa na pengine huongezeka anapoachwa, na kila jambo lingine linalomhusu, yaani kasi yake, njia anayoishika na kupona kwake, huamuliwa na namba hiyo. Mimi kazi yangu ni kutibu mifugo, hasa punda wa mikokoteni, na gemu hizi nazipenda kwa dhati. Ndiyo sababu naona uzito kuwa mnyama wa kwenye skrini ateseke na kupona kwa namna ambayo hakuna kiumbe mwenye damu anavyoteseka na kupona.

Haki ya watengenezaji isemwe kwanza. The Long Dark, gemu ya kampuni ya Hinterland ya Kanada iliyotoka ikiwa kamili mwaka 2017, ina jambo moja zuri sana: kulungu au mbwa mwitu aliyepigwa asife papo hapo hukimbia akivuja damu, nawe hulazimika kumfuata kwenye theluji mpaka alipoanguka, na pengine kunguru wanaozunguka angani ndio watakaokuonyesha mzoga ulipo. Dubu huweza kwenda saa nyingi za mchezo kabla ya kuanguka. theHunter: Call of the Wild, iliyotoka mwaka huohuo, hukupa matone ya damu ambayo ukiyakagua hukwambia kama mnyama anavuja kwa wingi au kidogo. Nayo Monster Hunter ya Capcom, ambayo wanyama wake ni majitu ya kubuni, tangu zamani imelielewa jambo ambalo gemu zenye wanyama wa kweli zimelisahau: jitu likikaribia kuishiwa nguvu huchechemea kuelekea pangoni kwake, hulala, na likiachwa lilale uhai wake huanza kurudi. Hapo mwendo, mahali na kupona vimefungwa pamoja, na mchezaji anayeelewa hilo hucheza kwa namna tofauti.

Tuanze na mwendo, kwa kuwa ndio unaoonekana kwanza na ndio unaokosewa zaidi. Mnyama wa miguu minne hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Akiumia mguu wa mbele, kichwa ndicho kinachomfichua: hukiinua mguu mbovu unapokanyaga, ili kuupunguzia mzigo, na hukishusha mguu mzima unapoupokea mwili. Akiumia mguu wa nyuma, kichwa hutulia zaidi, lakini ukimtazama kutoka nyuma utaona nyonga ya upande wenye maumivu inapanda na kushuka kupita ile nyingine. Tena haya yote huonekana wazi zaidi anapokwenda matiti, yaani mbio za polepole. Akienda shoti, yaani mbio kali, huweza kuficha, kwa sababu katika shoti mnyama ana nafasi ya kuchagua mguu wa kutangulia na kuupunguzia kazi ule unaouma. Basi yule anayelalamika kwamba swala "alikimbia kama hana kitu" pengine ameonyeshwa jambo la kweli kwa bahati tu. Kosa la gemu ni kwamba swala huyo, baada ya kupunguza mwendo, huendelea kutembea kama hana kitu.

Hapa Kisauni mtazame punda wa mkokoteni wa maji aliyechomwa na msumari kwatoni. Juu ya lami hatua yake ya mguu ule ni fupi, kwato hugusa kwa ncha, na kichwa hupanda kila unapokanyaga. Akiacha lami na kuingia kwenye mchanga wa vichochoro huonekana amepata nafuu, kwa sababu ardhi laini haimgongi. Punda aliyeumia kano ni kinyume chake: kwenye lami hujikaza akaenda, lakini mchangani mguu unazama, kano inavutika, naye huchechemea zaidi. Ukiwa umesimama mbali, bila kumgusa, ardhi peke yake imekwisha kukueleza jeraha liko wapi. Katika gemu nilizocheza sijaliona jambo hili hata mara moja, ilhali zote zina mchanga, miamba, theluji na matope yaliyochorwa kwa ustadi mkubwa. Miteremko nayo ina neno lake: aliyeumia mbele huchukia kushuka, kwani uzito wote humjia mbele, na aliyeumia nyuma huchukia kupanda. Mchezaji anayejua hili angeweza kuisoma njia ya mnyama hata pale damu ilipokatika.

Jambo jingine ni wakati. Dakika za kwanza baada ya kupigwa, hofu hufunika maumivu, na mnyama hukimbia kwa nguvu ambazo baadaye hatakuwa nazo. Akipata kichaka akalala, misuli hukakamaa na jeraha huvimba, kisha akiinuka huchechemea vibaya kuliko alivyokuwa kabla ya kulala. Gemu nyingi hufanya kinyume: mnyama huwa mzito mara tu anapopigwa, halafu akipumzika huinuka mwepesi.

Majeraha ya ndani yana miendo yake pia, na damu yake husema. Aliyepigwa mapafuni hutoa damu nyekundu nyangavu yenye povu, hukimbia mbio fupi na kuanguka. Hata aliyepigwa moyoni huweza kukimbia makumi ya hatua, kwa sababu ubongo una akiba ya oksijeni ya sekunde kadhaa. Aliyepigwa ini hutoa damu iliyokolea weusi, hutembea, husimama, hutafuta pa kulala. Wa kusikitisha zaidi ni aliyepigwa tumboni: huukunja mgongo, hutembea polepole, damu yake ni kidogo na imechanganyika na majani aliyokuwa akiyasaga. Huyu hufa baada ya saa nyingi, na akifukuzwa huinuka akaenda mbali sana. Wawindaji wa nchi zinazoruhusu uwindaji hufundishwa kumwacha kwanza, kwa saa kadhaa, alale pale alipochagua mwenyewe, ndipo wamfuate. Kuhusu kiasi cha damu, mamalia wengi wana damu ipatayo asilimia 7 hadi 8 ya uzito wa mwili. Swala pala dume wa kilo 60 basi ana lita nne na ushei, na akipoteza theluthi yake kwa haraka yuko hatarini. Matone yaliyotapakaa njiani huonekana mengi, lakini tone ni tone. Gemu inayomwua swala kwa sababu ameacha matone hamsini haimtendei haki.

Naja kwenye kupona, na hapa ndipo nilipokusudia kufika tangu mwanzo. Kupona ni kazi, na kazi hiyo ina gharama. Jeraha huanza kuziba kwa damu kuganda ndani ya dakika chache, lakini donge hilo ni dhaifu, na mnyama akikimbizwa hupasuka. Hufuata siku kadhaa za uvimbe na joto, kisha nyama mpya huanza kujaa kutoka chini na kingo za jeraha hujivuta zikaribiane. Mfupa uliovunjika huchukua wiki nyingi kuunga, na porini huunga ukiwa umepinda. Katika muda wote huo mwili unadai chakula na maji zaidi, wakati ambao mnyama hawezi kwenda mbali kuvitafuta. Hubaki nyuma ya kundi lake, na fisi humtambua kwa mwendo wake kabla hajalinusa jeraha. Inzi hutaga, funza huingia. Nao ndege wale tuwaitao askari wa kifaru, ambao wengi husifu kwa kula kupe, hudonoa pia majeraha na kunywa damu, na huweza kulichelewesha jeraha lisifunge. Fikirini gemu ambayo mchezaji anaona kwa mbali ndege wamejikusanya kwenye bega la nyati mmoja tu katika kundi zima, akaelewa peke yake, bila alama yoyote ya kung'aa, kwamba nyati yule ana jeraha bichi.

Kwa hiyo namba ya uhai isijirudishe yenyewe kwa sababu saa zimepita. Aliyelala karibu na maji na majani mabichi apone haraka kuliko aliyekimbilia jangwani. Anayefukuzwa kila siku asipone kabisa. Aliyepona abaki na kovu na, ikiwa ni mguu, abaki na mwendo wake maisha yote. Kwa gemu za Marekani na Ulaya kuna alama moja ya ajabu iliyo ya kweli: kulungu dume aliyeumia mguu wa nyuma huweza, msimu unaofuata, kuota pembe yenye kasoro upande wa pili wa ule ulioumia. Mchezaji angekutana mwaka wa pili na mnyama aliyemponyoka mwaka wa kwanza, akamtambua.

Karibuni tujadiliane.

MwanaWaLikoni

Wa aleikum salaam, Bwana Daktari. Nimesoma yote na nimejifunza, lakini niruhusu nipinge. Kijana anayelipa kwa saa katika ukumbi wa gemu hana nafasi ya kumngoja swala aliyepigwa tumboni mpaka alale. Anataka kuwinda, apate nyama, aendelee. Ukimwekea haya yote, ataiacha na kurudi kwenye kandanda. Uhalisia ukizidi, burudani inakufa.

DaktariWaMikokoteni

Ndugu yangu, hoja yako ina uzito, na anayecheza kwa saa ya kulipia ana haki ya gemu inayomfaa. Lakini tunazungumzia gemu za kujinusuru, ambazo moyo wake ni kuchagua utumie vipi mwanga, kuni na nguvu ulizobakiwa nazo. Humo kungoja kuna kazi yake, kwa sababu wakati unapongoja moto unakula kuni, maji yanapungua na jua linazama. Mchezaji aliyempiga mnyama tumboni anakabiliwa na swali zito: nimfuate sasa, nikijua nitamwinua na pengine kumpoteza, au niwashe moto hapa na nimngojee, nikijua usiku utanikuta nje na fisi watamfikia kabla yangu? Swali hilo lina msisimko kuliko kubonyeza kitufe mara ya pili. Tena saa moja ya mchezo huweza kuwa dakika chache za saa ya ukutani, kwa hiyo yule kijana wa ukumbini hatapoteza fedha zake.

Nikuongezee moja. Gemu inayofanya kila jeraha lisababishe kifo cha haraka humfundisha mchezaji kufyatua ovyo, kwa kuwa kila risasi ni ushindi. Ile inayomfanya mnyama abaki na jeraha alilompa humfundisha kungoja mpaka awe na hakika. Mimi naona jambo hilo ni kubwa, hata kwenye skrini.

BintiKwale

Daktari, ahsante. Mimi nimekulia upande wa Shimba Hills, ambako wapo palahala ambao huwapati kwingine kokote porini hapa Kenya. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini tangu 1977, kwa hiyo kizazi chetu hakijui risasi, lakini majeraha tumeyaona, na mengi ni ya matanzi ya waya. Mnyama huvuta mpaka waya hukatika kwenye kigingi, akaondoka nao shingoni au mguuni. Jeraha la namna hiyo sioni linavyopona, kwa sababu kilicholisababisha bado kimo. Je, katika gemu mshale unaobaki mwilini usihesabiwe vivyo hivyo? Na sumu je? Wazee wa Kiwaata, jamii ya wawindaji wa pande za Tsavo, walijulikana kwa pinde kubwa na mishale ya sumu iliyotosha kumwangusha ndovu.

DaktariWaMikokoteni

Dada yangu, umeligusa jambo ambalo sikulieleza vya kutosha. Jeraha lenye kitu ndani yake lina tabia tofauti kabisa na jeraha safi. Waya huendelea kukata kila mnyama anapopiga hatua, na mguu chini yake huvimba kwa sababu damu inashuka na kushindwa kurudi. Usipoondolewa hufika kwenye kano na mfupa. Mshale uliovunjikia ndani hufanya jambo la hila zaidi: ngozi huweza kujifunga juu yake, mnyama akaonekana amepona, kumbe ndani usaha unajikusanya, na baada ya muda jipu hupasuka na kuchechemea kunarudi. Hivyo katika gemu mshale uliotoka na mshale uliobaki viwe na hatima mbili, na ule uliobaki uwe na uwezo wa kumrudisha mnyama nyuma hata baada ya siku nyingi za nafuu.

Ushahidi wa karibu nasi uko Tsavo. Madaktari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori pamoja na wale wa Sheldrick, shirika la hisani la kuhifadhi wanyamapori, wamekuwa wakiwatibu ndovu wenye majeraha ya mishale na matanzi. Humlaza ndovu kwa dawa inayorushwa kwa bunduki maalumu, hukata nyama iliyooza, huosha tundu la jeraha, humdunga dawa za kuua vijidudu, kisha hulikandika jeraha kwa udongo wa kijani ili kuzuia uchafu na kusaidia kupona. Mnyama huyohuyo ambaye angekufa polepole huinuka na kwenda zake. Ningependa sana kuona gemu inayompa mchezaji kazi hiyo: kumfuata kwa nyayo, kwa ustadi uleule wa mwindaji, mnyama aliyejeruhiwa na mtu mwingine, ili amtibu.

Kuhusu sumu, ile ya mishale ya pande zetu hutokana na mti na hushambulia moyo. Mnyama aliyepigwa kwa sumu hiyo ikiwa mbichi na kali hafi kwa kupoteza damu, kwa hiyo njia yake huweza kuwa na damu kidogo sana. Gemu inayotaka kuiweka isitumie kanuni ya kuvuja damu kwa haraka zaidi. Mnyama aende mbio, alegee, mapigo yaharibike, aanguke. Sumu iliyochakaa huacha jeraha linalooza, na hapo tunarudi kwenye hadithi ya usaha.

FundiProgramu

Shikamoo Daktari. Mimi na wenzangu tunatengeneza gemu ndogo ya simu, yenye nyika ya nyuma ya pwani yetu, na nimeukariri uzi huu. Tatizo langu ni hili: simu za wachezaji wetu wengi ni za bei nafuu, na siwezi kumhesabia kila mnyama damu, kano, usaha na ndege. Ungelazimika kubakiza machache, ungebakiza yapi? Na mnyama akiwa mbali na mchezaji, niendelee kumhesabia?

DaktariWaMikokoteni

Marahaba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu awape nguvu katika kazi hiyo.

Ningebakiza mambo matatu kwa mnyama aliyejeruhiwa peke yake, kwani wazima hawahitaji hesabu yoyote. La kwanza ni damu aliyobakiwa nayo, pamoja na kama jeraha limeganda au liko wazi. Likiganda asipoteze tena, akikimbia donge lipasuke. La pili ni mguu gani unauma na kwa kiasi gani, kwani humo ndimo unapata kasi, kichwa kinachopanda na kushuka, na chaguo lake la mteremko. La tatu ni hofu, ambayo hupanda anapomwona au kumnusa mchezaji na hushuka taratibu akiachwa. Ikiwa juu maumivu ya mguu yasionekane, ikishuka yaonekane yote. Usaha na mshale uliobaki wala havihitaji namba mpya: weka alama moja tu kwamba jeraha ni chafu, na jeraha chafu likifikia nusu ya kupona lirudi nyuma.

Mnyama akiwa mbali usimhesabie hatua kwa hatua. Andika saa aliyopotea machoni, mahali alipokuwa na hali ya mambo yale matatu. Mchezaji akikaribia tena eneo lile, piga hesabu mara moja ya saa zilizopita: kama damu ilikuwa haijaganda, angalia ingemtosha kwa muda huo, kama ilikwisha kuganda, msogeze kuelekea maji yaliyo karibu kwa mwendo ambao mguu wake unauruhusu, na mpe nafuu kulingana na malisho ya hapo. Ikiwa amekufa, uweke mzoga kwenye kichaka kilicho njiani kuelekea maji hayo, na ndege juu yake. Simu ya bei nafuu itaimudu hesabu hiyo.

Saa za mchezo zisimame mchezaji anapoifunga simu. Si haki mnyama afe kwa sababu mtu ameitwa kula.

Anzeni na swala pala mmoja, mguu wa mbele wa kushoto, ardhi ya aina mbili tu, mwamba na mchanga. Mpeni mtu asiyejua lolote amtazame akitembea, na mumuulize ni mguu gani unamuuma. Akijibu sawasawa bila kuona damu, endeleeni na mguu wa nyuma.